Manifodi iliyojaa oili: upulize dawa ya kopo, au uishushe uioshe?

Gari limeanza kuwa zito kwenye mwinuko wa kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga. Ukisimama, sailensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe. Fundi analegeza klipu ya mpira wa hewa, anaingiza kidole nyuma ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, na kidole kinatoka kimevaa oili nyeusi. Hapo ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anasema nunua dawa ya kopo ya kusafishia throto upulize. Mwingine anasema shusha manifodi yote, ile njia inayogawa hewa kwa silinda, ioshwe. Wa tatu anakutuma kwa mama anayepika sabuni za mawese ukamwombe kostiki, ile soda kali.

Njia hizo tatu hazilingani hata kidogo, na kila moja ina gari lake, isipokuwa hiyo ya kostiki. Niseme msimamo wangu mapema ili asiye na muda ajue pa kushika. Utando mwepesi kwenye gari la petroli ni kazi ya dawa ya kopo, tena kwenye throto tu. Lami ya oili na masizi iliyoziba njia za hewa haiondoki mpaka manifodi ishushwe. Na kwa njia yoyote utakayochagua, kama hujajua oili imetoka wapi, utailipia kazi hiyohiyo tena.

Nani ameleta oili humo

Manifodi ni njia ya hewa. Inapokea hewa iliyopita kwenye eya klina na throto, inaigawa kwa kila silinda. Hakuna bomba la oili linaloingia humo. Ikionekana oili au lami, kuna aliyeileta, na kwa kawaida ni mmoja kati ya wawili, au wote kwa pamoja.

Wa kwanza ni mfumo wa injini wa kupumulia. Kila mlipuko unaposukuma pistoni chini, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi na kushuka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Ikiachwa humo inajenga presha na kutoa sili mahali pake. Zamani ilitolewa nje hewani kupitia bomba. Kuanzia miaka ya 1960 watengenezaji wa Marekani walianza kuweka valvu ndogo, PCV, inayoirudisha gesi hiyo kwenye manifodi ikaungue, na leo karibu kila gari la petroli unaloliona barabarani lina mfumo huo. Gesi ile haiji peke yake. Inabeba ukungu wa oili kutoka kule chini, na ukungu huo unatua kwenye kuta za manifodi.

Kwa hiyo utando mwembamba wa oili ndani ya manifodi ni jambo la kawaida hata kwenye injini nzima. Naomba hili lishikwe vizuri, maana watu wanafunguliwa injini bure kwa sababu tu fundi amewaonyesha kidole chenye oili. Cha kuangalia ni kiasi: utando unaong'aa ni sawa, oili iliyotuama chini kama kidimbwi si sawa.

Wa pili ni EGR, ile valvu inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye hewa inayoingia ili joto la mwako lishuke na gesi chafu za naitrojeni zipungue. Moshi wa dizeli una masizi. Masizi yakikutana na ukungu wa oili yanashikana, joto la injini linayapika, na baada ya miaka ya kutembea unakuta lami ngumu iliyobana njia. Kuna manifodi za dizeli ukizichungulia kwenye tundu la silinda unaona njia imebaki nusu ya ilivyotoka kiwandani. Tabaka la juu ni laini, ukucha unaingia. La chini limekauka kama gamba, linatoka vipande vipande.

Ndiyo maana magari hayafanani. IST na Probox za injini ya 1NZ-FE, ambazo zimejaa hapa mjini na kwenye safari za Kasulu, kwa kawaida unakuta utando wa oili uliochanganyika na vumbi jekundu, basi. Nozeli zake zinapuliza petroli mbele ya valvu za kuingizia, hivyo valvu zenyewe zinaoshwa kila mara. Noah yenye injini ya D-4, 1AZ-FSE, ni habari nyingine kabisa: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hakuna kinachoosha valvu, na EGR inaongeza masizi yake. Hilux, Hiace na Prado za dizeli ya D-4D, yaani 1KD na 2KD, nyingi zina EGR na tabo pamoja, na tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, nayo inaleta oili sili zake zikichoka. Land Cruiser za dizeli ya 1HZ, zile ngumu zinazopanda kwenda Kasulu na Kibondo, hazina tabo na nyingi hazina EGR. Hizo mara chache zinahitaji kazi hii.

Pima kabla ya kununua chochote

Vipimo hivi havihitaji mashine. Vuta kijiti cha oili uone kama imezidi alama ya juu. Injini iliyojazwa oili kupita kiasi inapiga povu na kuirusha kwenye mfumo wa kupumulia. Fungua eya klina. Kiangazi chetu kina vumbi, na eya klina iliyoziba inafanya injini ivute kwa nguvu zaidi, na mvuto huo unanyonya oili kupitia bomba la kupumulia. Chomoa PCV uitikise karibu na sikio: nzima inalia kwa ndani, iliyoganda haina sauti. Ipulize kwa mdomo kupitia kipande safi cha mpira. Hewa ipite upande mmoja na ikatae upande wa pili.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Pumzi kidogo ni kawaida, na injini nyingi za petroli zitayumba kidogo kwa kuwa zimeingiza hewa isiyopimwa. Lakini moshi mzito unaotoka kwa mapigo, pu, pu, pu, unakwambia ringi zimechoka. Hapo kuosha manifodi ni kupoteza pesa mpaka ringi zishughulikiwe. Kwenye tabo, toa bomba linaloelekea intakula, kile kipoza hewa ya tabo, uangalie: unyevu kidogo wa oili ni kawaida, oili inayochuruzika siyo. Shika shafti ya tabo, iyumbishe. Ikigusa ukuta wa nyumba yake, tabo ndiyo inayomwaga.

Nimeyaweka haya mbele ya ulinganisho kwa makusudi. PCV ni spea ndogo na ya bei nafuu ukilinganisha na kazi ya kushusha manifodi, na nimeona gari likirudishwa kuoshwa ilhali valvu ileile iliyoganda haijaguswa.

Dawa ya kopo: inapofaa na inapodanganya

Faida yake iko wazi. Nusu saa inatosha, hakuna gasketi ya kununua, hakuna bolti ya manifodi ya kukatika. Unatoa mpira wa hewa, unapuliza kwenye kitambaa laini au mswaki, unasugua kisahani cha throto na ukingo wake mpaka weusi uondoke. Kama tatizo lilikuwa sailensi inayocheza kwenye IST, mara nyingi limeishia hapo, kwa kuwa ule ukingo mwembamba unaopitisha hewa wakati umeondoa mguu kwenye mafuta ndio ulioziba.

Inapodanganya ni pale mtu anapoamini kwamba akipuliza kopo zima injini ikiunguruma, manifodi nzima itakuwa safi. Dawa inapita na hewa, inagusa pale hewa inapopita kwa kasi, inaingia silinda na kuungua. Mabonde ya manifodi ambako oili imetuama haiyafikii vya kutosha. Lami ya masizi ndiyo haisikii kabisa, maana masizi ni kaboni, na kaboni haiyeyuki kwenye dawa hizi. Kinachoyeyuka ni oili iliyoishikilia, na hiyo inahitaji muda wa kuloweka ambao dawa inayopita kwa sekunde haina.

Kuna na hatari. Dawa nyingi ikiingia kwa pupa, kimiminika kinajikusanya kwenye bonde la manifodi halafu kinamezwa na silinda moja kwa mpigo. Pistoni haiwezi kukandamiza kimiminika. Koneti rodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda. Kipande cha lami kikilegea chote kwa pamoja kinaweza kukaa chini ya valvu ikashindwa kufunga. Uchafu unaoungua nusunusu unaishia kwenye sensa ya oksijeni na kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi. Na sensa ya kupimia hewa, ile yenye uzi mwembamba mno baada ya eya klina, ina dawa yake maalumu. Dawa ya kabureta inaweza kuiacha na utando, au kuiharibu moja kwa moja.

Kwa dizeli nasema kwa msisitizo: usipulize dawa inayowaka kwenye manifodi ya dizeli inayounguruma. Injini ya petroli ikikosa cheche inazima. Ya dizeli inaunguza chochote kinachoingia na hewa, iwe dawa, iwe oili iliyotuama ndani ya intakula. Ikianza kula oili hiyo inapandisha mizunguko yenyewe, na ukizima swichi haisikii, kwa sababu mafuta inayotumia hayatoki kwenye pampu. Kinachoizima ni kuikata hewa, au kwa gari la gia za mkono, kuweka gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi. Injini iliyokimbia hivyo inaweza kuvunjika kabla hujafika kwenye boneti.

Kushusha na kuosha

Hii ni kazi ya saa kadhaa kwa 1NZ na ya siku nzima kwa D-4 au 1KD, ukiongeza usiku wa kuloweka. Gharama kubwa ni muda wa fundi na gasketi mpya. Gasketi uitafute kabla ya kufungua. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa reli, na spea ambayo haipo dukani Mwanga itakuja kwa basi. Gari likikaa limefunguliwa kuisubiri, vumbi linaingia kusikotakiwa na bolti zinaanza kupotea.

Unachopata kwa gharama hiyo ni kwamba unaona. Unaiweka manifodi mezani, unatazama kila tundu, unajua umeondoa nini. Unaona na midomo ya valvu kwenye hedi, jambo ambalo dawa ya kopo haikupi. Na ukiziona valvu za D-4 zimevaa makoko kama miguu ya anayetoka kuchimba udongo, unajua kwa nini gari lilikuwa linatetemeka asubuhi.

Kabla ya kuloweka, toa kila kisichopenda maji wala mafuta: sensa ya presha, nozeli kama zimefungwa kwenye manifodi, mipira ya vakyumu, mota ya vile visahani vya ndani vya kuongoza hewa kama vipo, na gasketi za mpira. Piga picha za mipira kwa simu kabla ya kuichomoa. Na mara tu manifodi inapotoka, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi vikubwa, visivyo na nyuzi zinazong'oka. Nati moja ikidondokea humo, kazi ya kuosha imegeuka kazi ya kufungua hedi.

Je, uioshe kwa nini? Petroli inakata oili haraka na kukauka yenyewe, na ndiyo inayopendwa gereji nyingi. Mimi siipendi. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye jiko la mkaa la mama lishe au kwenye cheche za mchomelea vyuma wa jirani. Gereji zetu zimebanana. Tena inakausha ngozi na kuingia mwilini kwa kushikwa kila siku. Mafuta ya taa ni salama zaidi. Mvuke wake hauanzi kushika moto mpaka kwenye nyuzi kama 38. Dizeli ni salama kuliko yote mawili, kwani inahitaji nyuzi zaidi ya 50, na kwa lami ya masizi ndiyo ninayoichagua. Ni ya polepole, lakini inapenya. Loweka usiku kucha kwenye beseni lenye kifuniko, asubuhi lami ya juu inatoka kwa brashi na ya chini inakubali kukwanguliwa kwa kijiti cha mbao au plastiki ngumu. Bisibisi ikae mbali na uso wa gasketi. Mkwaruzo mmoja pale ni njia ya hewa.

Dizeli inaacha mafuta yake, kwa hiyo umalizie kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Sugua ndani kwa brashi ndefu ya kuoshea chupa, suuza mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, kisha pulizia kompresa na uianike juani mpaka ikauke kabisa. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya kila tundu. Kikitoka na chembe, rudia. Chembe moja ngumu iliyobaki inaenda moja kwa moja kwenye silinda siku ya kwanza ya kuwasha.

Manifodi ya plastiki, kama ya 1NZ, ina masharti yake. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, usiitumie, kwani inaharibu mipira na plastiki. Moto wa aina yoyote usikaribie. Maji ya moto na sabuni kwa kawaida yanatosha, kwani humo hamna lami, kuna oili tu. Ichunguze kama ina ufa, hasa pale zinapopita bolti.

Kostiki

Kigoma kostiki haihitaji kutafutwa. Sabuni za mawese zinapikwa nayo, na kila anayepika anayo. Inakata mafuta kwa nguvu kwa sababu inayageuza kuwa sabuni. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo mtu akiona manifodi imejaa mafuta, wazo linakuja lenyewe.

Tatizo ni chuma chenyewe. Manifodi nyingi za magari haya ni aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu. Ukiizamisha unaona povu linachemka. Watu wanafurahi wakidhani ni uchafu unatoka, kumbe ni aluminiamu inayeyuka na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ni gesi inayolipuka. Maji yanapata joto yenyewe. Ikikaa, inatoka imegeuka rangi, kijivu cheusi, na nyuso za gasketi zina vishimo. Hata ukifunga gasketi mpya, hewa inapita kwenye vishimo hivyo, na sailensi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hapo huna cha kufanya ila kupeleka uso ukakatwe upya kwa mashine au kutafuta manifodi nyingine.

Mazungumzo haya ni ya kila mara:

"Fundi, mbona chungu cha mke wangu tunakisugulia kostiki na kinang'aa?"

"Mzee, chungu hicho ni cha chuma au cha sufuria nyeupe, yaani aluminiamu?"

"Cha chuma."

"Basi manifodi hii ni sufuria nyeupe, mzee wangu. Itatoboka."

Kwa chuma cha kawaida cha kuyeyushwa, kama manifodi ya ekzosi, kostiki iliyochanganywa vizuri haina ubaya huo, ingawa macho na mikono bado viko hatarini, na lazima uweke kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Dawa za kusafishia majiko ya oveni nyingi zina kostiki hiyohiyo, soma kopo.

Njia nyingine, kwa haraka

Kuna wanaopuliza maganda ya jozi yaliyosagwa kwa mashine ya hewa. Nchi za nje ndiyo njia inayosifiwa kwa valvu za injini za D-4 na ndugu zake, kwa sababu ganda linang'oa kaboni bila kukwaruza chuma. Ni njia nzuri kweli. Mashine hiyo sijaiona gereji ya hapa mjini, na mchanga wa ufukweni hauwezi kuchukua nafasi yake hata siku moja. Punje ya mchanga inajikita kwenye aluminiamu laini, inatoka baadaye injini ikipata joto, na inakwenda kukwaruza silinda. Kwa valvu za D-4, zungusha injini mpaka valvu za silinda husika zifunge kabisa, mimina mafuta ya taa kidogo juu yake, acha yakae, kwangua kwa kijiti, nyonya uchafu kwa sindano au kitambaa. Ni kazi ya subira, silinda moja baada ya nyingine.

Kununua manifodi ya mtumba kutoka Dar es Salaam kuna maana kama yako ina ufa, imeliwa na kostiki, au visahani vya ndani vimevunjika. Kama ni uchafu tu, utaletewa nyingine yenye uchafu wa mtu mwingine, na utaiosha vilevile.

Kuziba bomba la kupumulia ili oili isije tena ni kosa kubwa. Presha itatafuta njia, na itaipata kwenye sili ya krenki. Kopo la kukamatia oili linalofungwa kati ya PCV na manifodi ni jambo la maana kwenye dizeli na D-4, mradi liwe la kuunganishwa pande zote mbili na mwenye gari akubali kulimwaga mara kwa mara.

Gari lako ni lipi

IST, Probox, Vitz, Raum na za namna hiyo: PCV mpya, eya klina, throto isuguliwe kwa dawa ya kopo. Usiishushe manifodi ila oili ikiwa imetuama au kama tayari unaifungua kwa kazi nyingine. Kwa gari la abiria la Kasulu linalokula barabara kila siku, hii ndiyo inayolirudisha kazini siku hiyohiyo.

Noah, Voxy au Premio ya D-4 inayotetemeka asubuhi na imeshapita kilomita nyingi bila kufunguliwa: shusha. Dawa ya kopo itakupa nafuu fupi na utairudia. Ukishusha, fanya manifodi, EGR na valvu kwa pamoja, maana kuacha kimoja ni kuacha kazi nusu.

Hilux, Hiace, Prado za D-4D zenye moshi mweusi na uzito wa kupanda: pima tabo kwanza, kisha shusha manifodi na bomba la EGR, na intakula imwagwe na kuoshwa ikauke. Hapa sina njia ya pili ya kupendekeza.

1HZ: achana nayo mpaka iwe na sababu.

Gari linalotembea mwendo mfupi tu, nyumbani Ujiji mpaka sokoni Kigoma na kurudi, huchafuka haraka kuliko lile la safari, kwa sababu injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli iliyoingia kwenye oili. Kama ni lako hilo, punguza kilomita za kubadilisha oili, na mara mojamoja lipeleke mwendo mrefu hadi lipate joto sawasawa.

Yale maji machafu

Mji wetu umelala kwenye mteremko, na kila mtaro unaishia ziwani. Dizeli uliyoogeshea manifodi ukiimwaga kwenye mtaro wa Mwanga, mvua ya kwanza inaipeleka Tanganyika, kwenye maji tunayokunywa na dagaa tunaowala. Nawaomba mafundi wenzangu tuwe wakali katika hili. Dizeli chafu imwagwe kwenye dumu, iachwe itulie siku kadhaa; masizi yanazama, dizeli ya juu inachotwa na kuoshea kazi inayofuata. Tope la chini linachanganywa na oili chakavu, ambayo wapo wanaoinunua. Maji ya sabuni nayo yasitiririshwe kwenye mtaro: yaachwe kwenye pipa mafuta yaelee juu, yachotwe na kutiwa kwenye dumu la oili chakavu.

Kurudisha na kuangalia

Futa nyuso zote mbili za gasketi, weka gasketi mpya, funga bolti kwa mkono kwanza, kisha kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu mbili au tatu. Kwa plastiki usitumie nguvu ya bega. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, au azima. Washa injini, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Sailensi ikibadilika au sabuni ikinyonywa ndani, hewa inaingia hapo.

Kama throto ni ya umeme, usiwe unasukuma kisahani kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, na usishangae sailensi ikikaa juu mwanzoni. Kompyuta ilikuwa imezoea throto chafu. Magari mengi yanajifunza upya yenyewe baada ya kuachwa yaungurume na kuendeshwa; mengine yanahitaji mashine ya kupimia kuyafundisha. Dizeli iliyooshwa intakula iwashwe kwa mara ya kwanza kukiwa na mtu mwenye ubao bapa tayari kuziba mdomo wa hewa, endapo kuna oili iliyobaki.

Ukifika kubadilisha oili, tuseme baada ya kilomita 5,000, mwambie fundi alegeze klipu ile ile na apitishe kitambaa cheupe nyuma ya throto. Utando mwepesi, endelea na safari zako. Ikiwa imetuama tena kwa muda mfupi hivyo na PCV ni mpya, pima kompresheni ya silinda zote kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuigusa manifodi.